Namna Risasi Inavyogeuka Maji

Nyumbani kwetu neno risasi lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa ndani ya mguu wa baba yangu. Ilikaa hapo, juu kidogo ya goti la kulia, tangu kabla sijazaliwa. Tulipokuwa wadogo katika kambi ya polisi tuliihesabu kama mmoja wetu. Ikiuma, Mama alianua nguo kwenye kamba, na mara nyingi mvua ilinyesha kweli.

Baadaye nilienda shule nikaambiwa kwamba risasi ni jina la madini pia, yale mazito ya kijivu, laini kiasi kwamba ukucha unayachora. Sikuamini. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Baba, akasema mwalimu huyo hajawahi kushika bunduki. Basi nikaamua kusoma mpaka nijue nani kati yao ni mwongo, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fizikia, ingawa kwenye barua za maombi huwa naandika sababu nyingine.

Sasa natafuta shahada ya uzamivu hapa Kampala. Kuna maabara moja Ulaya, chini ya ardhi, ambako viini vya atomu za risasi hukimbizwa ndani ya bomba la mviringo mpaka vikaribie kasi ya mwanga, halafu vinagonganishwa. Vinavyotawanyika kutoka kwenye mgongano vinahesabiwa na mitambo, na hesabu hizo zinatumwa kwa watu kama mimi ili tuzichambue. Sijawahi kufika huko. Nafanya kazi chumbani kwangu Kabalagala, juu ya baa inayopiga muziki kuanzia mchana, kwenye kompyuta ambayo betri yake imekufa. Migongano hiyo inatuonyesha ulimwengu ulivyokuwa ulipokuwa mchanga; umeme ukikatika, ulimwengu mchanga unakatika nao.

Siku niliyomweleza Baba kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekaa barazani kwake Bwaise. Alipostaafu alinunua nyumba yenye kizingiti kirefu, kinachofika karibu na goti, kwa sababu ya mafuriko. Anaishi hapo na Mama. Yeye ni Mwislamu kutoka kaskazini, Mama ni Mganda na Mkatoliki, na Kiswahili walikiokota kambini wote wawili, kila mmoja akaokota kilichomfaa; Mama hata leo r na l humbadilikia.

"Tunagonganisha risasi, Baba," nilimwambia.

"Risasi na risasi?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Ndiyo, Baba."

Alinywa chai taratibu. "Sisi tulikuwa nafanya hiyo kitu bila degree," akasema. "Halafu ikigongana, inakuwa nini?"

"Inayeyuka. Inakuwa kitu kinachotiririka kama maji."

Aliweka kikombe chini. Kwenye kiti cha plastiki cha pili alikuwepo Koplo, jirani na rafiki yake, polisi mstaafu kama yeye. Koplo aliweka chake chini pia. Walitazamana, na mimi, mjinga, nikadhani wamevutiwa na sayansi.

Inabidi nimweleze Koplo kidogo. Alijiunga na kikosi miaka michache baada ya Baba kupigwa risasi, kwa hiyo hakuiona siku yenyewe, na jambo hilo lilimuudhi. Alijisifu kwamba ukimwonyesha risasi iliyotoka kwenye mwili wa mtu atakwambia ilitoka kwenye bunduki ya aina gani, kama wanawake wa sokoni wanavyojua maharage ya wilaya gani kwa kuyashika tu. Nyumbani kwake alikuwa na kisahani cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu. "Siku hiyo kitu itatoka," alikuwa akimwambia Baba, "italala hapa, mimi nitaisoma." Baba alikuwa akicheka. Habari ya kupigwa kwake aliisimulia kwa namna tatu: waasi walimvizia darajani, wezi wa ng'ombe walimpiga porini, alimkinga mkubwa wake kwa mguu wake mwenyewe. Sisi watoto tuliipenda ile ya ng'ombe.

Halafu mwaka huu mikono yake ikaanza kutetemeka. Tumbo likamsumbua, chai ikamchukiza, akaanza kusahau majina ya wajukuu, kitu ambacho mwanzoni tulikifanya utani. Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akampiga picha ya goti na kupima damu yake, kisha akaniita kando, na kwa kuwa alikuwa anazungumza Kiingereza tu, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Risasi ilikuwa imesogea. Miaka yote ilikaa ndani ya nyama, haina neno na mtu, lakini sasa ilikuwa imeingia kwenye kiungo, na ule ute unaolainisha goti ulikuwa unaila kidogo kidogo na kuimwaga kwenye damu.

"Daktari anasema risasi yako inatoa risasi," nilimwambia Baba.

"Inapiga nani?"

"Haipigi. Ile risasi imetengenezwa kwa risasi. Yale madini. Sasa risasi inayeyuka kutoka kwenye risasi, inaingia kwenye damu."

Baba alimtazama daktari kwa huruma, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, wewe umechoka."

Lakini alikuwa ameelewa. Daktari alisema ifanyiwe upasuaji ndani ya wiki tano, kabla sumu haijaharibu figo na ubongo, na akasema waziwazi kwamba akikaa nayo itamuua. Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Baba akavaa kofia yake akasema haendi popote kupasuliwa.

Nilimgombeza njia nzima. Mimi nina hasira ya haraka, nimeirithi kwake, na dereva wa teksi alituvumilia mpaka Bwaise. Tulipofika kwenye kizingiti Baba alisimama akanipa sharti lake. Atakwenda hospitali siku nitakayomweleza kazi yangu mpaka aielewe. Kwa Kiswahili. Nikitia neno moja la Kizungu, tunaahirisha mpaka Jumamosi inayofuata.

"Na wewe ukitia?" nikamuuliza. "Ulisema degree siku ile."

"Hiyo ni Kiswahili ya polisi," akasema, akaingia ndani.

Jumamosi ya kwanza sikufika mbali. Nilianza na atomu, akanyoosha kidole. Nikasema atomu imeshakuwa Kiswahili, akaniambia nimwonyeshe mtu mmoja wa Bwaise anayeitumia. Nikaacha atomu, nikasema kila kitu kina chembe, chembe ina kiini, na ndani ya kiini kuna chembe nyingine ndogo zaidi zinazoitwa kwaki.

"Hiyo ni bata," akasema Koplo.

"Si bata, Koplo. Ni chembe. Na zimeshikana kwa kitu kama gundi, hazitoki kamwe, labda uzipe joto kali kupita katikati ya jua mara laki moja na zaidi. Hapo ndipo gundi inalegea, na ma-proton..."

Kidole kikapanda. Nilitupa mto wa kiti chini. Baba alicheka mpaka akakohoa, na Mama akatoka jikoni kuja kuona ni nani anapigwa. Alipojua ni mimi, na kwamba nimeshindwa kwa neno moja, alirudi ndani bila kunitetea.

Jumamosi ya pili nilikuja na vifaa. Kabalagala, mtaa ninakoishi, umeitwa jina moja na vile vikeki vya ndizi mbivu na unga wa muhogo vinavyokaangwa kwenye mafuta, bapa na vya mviringo, na Mama huvikaanga vizuri kuliko mtu yeyote Kampala. Nilimwomba anikaangie sahani nzima. Nikaeleza kwamba kitu kikikimbia karibu na kasi ya mwanga, wewe uliyesimama unakiona kimebanwa kuelekea kule kinakoenda. Kiini cha risasi ni mviringo kama mpira, lakini kikija kwa kasi hiyo kinakuwa bapa.

"Kama kabalagala," nikasema, nikainua mbili, nikazigonganisha.

Mafuta yalinirukia kwenye blauzi. Koplo akapiga makofi.

"Lakini mara nyingi hazigongani katikati kabisa," nikaendelea, nikazilaza sahanini, moja ikiwa juu ya nyingine nusu tu. "Tazama, Baba. Sehemu inayolaliana si mviringo. Ina umbo la jicho. Hapa na hapa kuna ncha, huku na huku ni ubavu. Moto wote uko ndani ya hilo jicho. Swali ni hili: vitu vilivyo ndani vikitawanyika, vinaelekea wapi?"

Baba alilikagua jicho kwa makini sana. Aliizungusha sahani. Kisha akala moja ya viini vyangu, akampa Koplo kingine, na akasema bila ushahidi hawezi kujibu. Niliondoka nimekasirika kweli. Mikono yake ilikuwa imetetemeka wakati wa kuinua ile kabalagala, na alikuwa ameishika kwa mikono miwili ili nisione.

Jumamosi ya tatu nilimkuta mgeni barazani. Alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, bado na sare, na mbele yake palikuwa na chupa tupu ya maji ya kununua, imeoshwa vizuri. Koplo ndiye aliyemleta. Koplo alikuwa ameeneza mtaani kwamba binti ya Afande amesomea kugeuza risasi kuwa maji.

"Dada," yule askari akaniambia kwa heshima, amesimama, "mimi nalinda ghala la mabati huko Kisenyi. Wamenipa bunduki lakini haina risasi. Mwizi yeye iko nayo. Nimesikia wewe iko na ile maji."

Nilitaka kumweleza. Naapa nilifungua mdomo. Lakini Baba aliniwahi, uso mkavu kama wa hakimu.

"Dawa iko," akasema. "Lakini masharti ni mingi."

"Masharti gani, Afande?"

"Ya kwanza, ukiona mwizi na bunduki, unakimbia."

"Nakimbia?"

"Mbio. Usiangalie nyuma. Ukiangalia nyuma dawa inakufa."

Askari alifikiri. "Na ya pili?"

"Ya pili ni kama ya kwanza."

Koplo alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika. Mama akaijaza ile chupa kutoka kwenye mtungi, kwa sababu alimwonea huruma na kwa sababu jua lilikuwa kali, na mtu yule akaondoka ameridhika. Nadhani ni ushauri bora wa usalama aliowahi kupewa. Alipokwisha kwenda zake, Koplo alitulia akasema babu yake alikunywa maji ya dawa kama hayo zamani, kwenye vita vya wakoloni.

"Maji ilifanya kazi?" Baba akauliza, ingawa alijua hadithi.

"Hapana. Risasi ndiyo ilifanya kazi."

Walicheka wote wawili, wakanyamaza wote wawili. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari ya kwaki. Nilihesabu wiki za daktari kwenye vidole nikaona zimebaki mbili, na nikaogopa.

Jumamosi ya nne Koplo alikuwa amekwenda kwenye harusi ya mpwa wake na Mama alikuwa kanisani na kwaya. Nikawa peke yangu na Baba sebuleni. Sikuleta kabalagala wala mchoro. Nikamwambia: wazee waliotangulia kwenye kazi hii walitegemea kukuta kitu kama moshi. Katika moshi kila chembe inakwenda njia yake, haimjali jirani. Kama kingekuwa moshi, basi kutoka kwenye lile jicho vitu vingetawanyika sawasawa pande zote, kwa kuwa hakuna anayemsukuma mwenzake. Lakini sivyo tulivyohesabu. Vinatoka vingi zaidi ubavuni, vichache zaidi kwenye ncha.

Baba hakuinua kidole. Alikuwa amefumba macho.

"Hiyo ni umati," akasema.

"Nini?"

"Umati ya watu. Mimi kila sikukuu nimesimama mlango ya soko, miaka mingi. Watu wakiwa kidogo, kitu ikilipuka, kila mtu anakimbia kwake. Hiyo ni moshi yako. Lakini watu wakijaa kwa ile njia ndefu kati ya maduka, hakuna mtu anakwenda kwake. Yule ya katikati anasukumwa na wote. Na hawatoki huku kwa ncha, huku kuna mgongo ya watu mingi. Wanatoka kwa ubavu. Hapo kutoka katikati mpaka nje ni karibu, basi msukumo iko kali. Wanapasua vibanda." Alifumbua macho. "Sasa hiyo risasi yenu si moshi. Inasukumana. Hiyo ni maji."

Nimesikiliza mihadhara ya maprofesa juu ya jambo hili, wengine wazuri, na hakuna aliyewahi kunifanya nilione namna ile. Nilitaka kulia na nikalia kidogo, nikasingizia moshi wa jiko la jirani.

"Na si maji tu," nikamwambia, nikifuta pua. "Ina mnato mdogo kuliko kimiminika chochote tunachokijua. Uji una mnato, asali ina mnato mkubwa, hata maji ya bomba yana wake. Hii karibu haina. Inateleza yenyewe kwa yenyewe bila kujizuia."

"Kwa muda gani?"

"Hata kope haiwahi kupepesa. Halafu inapoa, inagandamana tena, inakuwa maelfu ya vitu vipya."

Baba alinyoosha mguu wake mbaya, akaushika juu ya goti kwa mkono wake unaotetemeka. "Ikishakuwa maji," akauliza polepole, "mtu anaweza kujua ilikuwa risasi gani? Ilitoka wapi?"

"Hapana. Imesahau. Kinachobaki ni umbo la ajali tu. Nani alitoka upande gani, hakuna anayejua tena."

"Hata mtu ya kuzoea? Hata Koplo?"

Nikacheka. "Hata Koplo, Baba."

Alishusha pumzi ndefu. "Basi ile yangu fanya hivyo."

"Haiwezekani. Ile mitambo iko Ulaya na mguu wako uko Bwaise. Umeelewa kazi yangu, tena vizuri kuliko wenzangu, na sikutia neno la Kizungu. Jumatatu tunakwenda hospitali."

"Siendi."

Hapo nikalipuka. Nilisimama nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake: kwamba ni mwongo, kwamba ametuchezea mwezi mzima huku anakufa mbele ya macho yetu, kwamba nimegeuza chakula cha Mama kuwa viini kwa ajili ya mtu asiyetimiza neno lake. Nilimwambia kama anataka kuzikwa na risasi yake aseme, tujue. Alikuwa anatazama viatu vyake. Sijawahi kumwona Baba akitazama viatu vyake, na hasira yangu ikaishiwa nguvu katikati ya sentensi.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga. Na Baba, aliyekuwa mtunza ghala la silaha miaka yake yote ya kazi, ambaye hakuna bunduki iliyotoka mkononi mwake bila namba yake kuandikwa kitabuni, akaniambia hivi. Hakukuwa na daraja. Hakukuwa na wezi wa ng'ombe. Alikuwa kwenye kituo kidogo cha wilayani, mchana baada ya kula, anasafisha bastola ya zamani ya kituo, na alikuwa anasinzia.

"Mimi mwenyewe nilijipiga," akasema.

Nilijitahidi. Mungu ni shahidi yangu nilijitahidi, nikauma midomo, nikatazama dari. Halafu nikasikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka na nikajua inatoka kwangu. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilipoinua uso yeye pia alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anajipiga paja la mguu mzima.

"Bastola ile ilikuwa natumia risasi ya zamani," aliendelea alipoweza. "Uchi. Haina koti ya shaba juu. Ya bunduki ya waasi iko na koti. Ndiyo maana yangu iko nayeyuka. Koplo akiona ile kitu kwa kisahani yake, dakika moja, anajua. Yeye anajua bastola ile nani alikuwa naitunza."

Hapo nikaona aibu, na haikuwa aibu yake. Mimi ndiye mtaalamu wa risasi. Daktari aliniambia kwa mdomo wake kwamba madini yanayeyuka kwenye goti, na sikujiuliza hata mara moja yanayeyukaje kama yamevikwa koti. Nilidhani risasi zote ni za risasi. Mwezi mzima nilikuwa nawafundisha wazee wawili habari za jambo waliloishi nalo.

"Baba," nikasema, "ukienda Jumatatu, hakuna mtu atakayeiona. Nakuahidi. Itageuka maji."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtu anayeomba bunduki bila barua. Kisha akaniambia nimletee kofia yake aone kama bado inamtosha, maana hospitali haendi bila kofia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alinikabidhi ile risasi kwenye kikopo cha plastiki: fupi, nene, ya kijivu, upande mmoja umelika kama sabuni. Niliichora kwa ukucha na ukucha ukaacha alama. Mwalimu wangu wa zamani hakuwa mwongo, na Baba, kwa hilo angalau, hakuwa mwongo pia. Niliivingirisha kwenye leso nikaitia mfukoni.

Siku aliporudi nyumbani tulikuwa wachache tu, mguu wa Baba ukiwa juu ya stuli, umefungwa bandeji, mikono imetulia mapajani. Koplo aliingia amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa na kisahani chake. Akakiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri gwaride lianze.

"Haya," akasema. "Iko wapi?"

Baba alinitazama. Nikasema naileta, nikaenda jikoni. Mpango wangu ulikuwa kujaza glasi kwenye mtungi na kurudi nayo kwa uso mzito. Lakini Mama alikuwa amesimama hapo akikaanga, na kando ya jiko palikuwa na glasi, imeshajazwa maji, imefunikwa kwa kitambaa safi.

"Beba hii," akasema.

"Mama, umejuaje?"

Aligeuza kabalagala kwenye mafuta. "Ire suluali mimi ndiye nirifua," akasema. "Kando ya tundu kulikuwa kumeungua. Lisasi ya mbari haichomi nguo. Na wewe mwezi mzima unasema lisasi inakuwa maji." Akanisukuma kwa kiwiko. "Peleka, kabra hajaanza kuongea uongo mpya."

Nilirudi sebuleni na glasi kama mtu anayebeba kitu kitakatifu. Nikaiweka kwenye kisahani. Nikaeleza, kwa Kiswahili safi kisicho na neno hata moja la Kizungu, kwamba ute wa goti ulifanya kazi miaka mingi, kwamba daktari alipofungua alikuta imebaki kidogo sana, na kwamba ile iliyobaki, kwa joto na msukumo, ilisahau umbo lake ikatiririka. Nilisema mambo kadhaa ambayo yangenifukuzisha chuoni. Baba alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, na chini ya stuli niliona kidole gumba cha mguu wake wa pili kikicheza.

Koplo alivaa miwani. Akainama, akaitazama glasi kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Akaiinua akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akachovya kidole, akakionja, akatafakari kwa muda mrefu sana, kama mtu ambaye amengoja siku hii nusu ya umri wake.

"Afande," akauliza kwa heshima yote, "hii ni maji ya bunduki, ama maji ya bastola?"

Jikoni mafuta yalinyamaza; Mama alikuwa ameondoa kikaango ili asikie.

Baba alimtazama rafiki yake. Alimtazama mpaka nikaona kitu kilichokaa usoni mwake tangu utoto wangu, kitu ambacho nilidhani ndio uso wenyewe, kikimwondoka.

"Maji haina namba, Koplo," akasema.

"Ndiyo, Afande."

Koplo akavua miwani akaikunja. Akayanywa yale maji yote, akafuta kisahani chake kwa pindo la shati lile lililopigwa pasi, na akamnyooshea Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya kabalagala za moto, ili amwekee moja.